Mikeka na nguo za magome katika familia za Watonga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watonga gani hawa? Wale wa Zambia?

Hapana. Watonga wa bonde la Zambezi, na wale wa Malawi wanaoishi kandokando ya ziwa, ni watu wengine kabisa. Majina yamegongana tu. Hapa tunazungumzia ufalme wa Tonga, visiwa zaidi ya 170 kusini mwa Bahari ya Pasifiki, vyenye wakazi laki moja hivi. Mji mkuu ni Nuku'alofa, kwenye kisiwa kikubwa cha Tongatapu. Nchi hiyo ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza kuanzia 1900 hadi 1970, lakini wafalme wake hawakuondolewa. Hilo si jambo dogo, maana mambo mengi utakayosoma hapa chini yanahusu daraja: nani yuko juu ya nani, na mkeka gani unamstahili.

Kwa nini mkeka uitwe mali?

Kwa sababu wenyewe wanauita hivyo. Neno lao ni *koloa*. Siku hizi linatumika hata kwa bidhaa za kununua, na duka huitwa *fale koloa*, yaani nyumba ya koloa. Lakini mama wa Kitonga akikwambia ana koloa nyumbani, hazungumzii sukari na sabuni. Anazungumzia vitu vilivyotengenezwa na wanawake: mikeka, vitambaa vya magome viitwavyo *ngatu*, na mafuta ya nazi yaliyotiwa manukato. Kazi za wanaume zina jina lake, *ngāue*, na hizo ni viazi vikuu, nguruwe na mizizi ya kava, mmea ambao mizizi yake hutengenezewa kinywaji cha sherehe. Sherehe isiyo na pande zote mbili haijakamilika. Ila nguruwe huliwa siku hiyohiyo akaisha, na mkeka unaweza kuwazika wajukuu wa aliyeusuka.

Kuna sababu nyingine ambayo watu huisahau. Katiba ya mwaka 1875 ilipiga marufuku kuuza ardhi, na shamba hurithiwa na mtoto wa kiume. Binti hana shamba la kutegemea. Akiba yake iko chini ya godoro, imekunjwa vizuri, na anajua kila kipande kimetoka kwa nani na siku gani. Kwa hiyo ukisikia mgeni anasema mikeka ile ni "sanaa ya mikono" tu, jua hajaelewa. Ni benki ya wanawake, na daftari lake liko kichwani.

Mkeka wa Kitonga unasukwaje? Ni kama wetu?

Unafanana nao kwa mbali. Kwetu Pwani mtu huchana ukindu au milala, akasuka ukili mrefu, kisha kili zikashonwa pamoja hadi mkeka ukapatikana. Kule hakuna ukili wala kushona. Mkeka husukwa mzima, kuanzia pembe moja, na wanawake kadhaa huweza kukaa bega kwa bega kila mmoja akivuta upande wake.

Malighafi ni majani ya mkadi. Ndiyo, mkadi huuhuu ambao ua lake linatiwa katika vikuba na asumini. Watonga wana aina kadhaa za mkadi, na kila aina ina matumizi yake. Majani hutolewa miiba, huchemshwa au huanikwa, na yale ya mikeka myeupe na laini hulowekwa baharini kwa siku nyingi, yakafungwa yasichukuliwe na maji, hadi chumvi na jua vikayafanya meupe. Baadaye hukunjwa mafundo, hukwanguliwa yalainike, kisha huchanwa miyaa. Hapo ndipo ubora unapoamuliwa. Mkeka wa kukalia una miyaa mipana. Mkeka wa heshima una miyaa myembamba kiasi kwamba ukiugusa unadhani ni kitambaa, na unaweza kuchukua miezi mingi kumalizika. Siku hizi mikeka mingi ya kutandika hupambwa ukingoni kwa nyuzi za sufu za rangi kali: waridi, kijani, njano. Wapo wanaoona zinaharibu. Mimi naziona zimechangamka.

Na hiyo ngatu hutengenezwa kwa nini?

Kwa gome la mti uitwao *hiapo*, ndugu wa mforosadi. Hupandwa shambani kama zao jingine lolote na kukatwa ungali mwembamba, baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Shina likikatwa, mizizi huchipua tena. Gome hubanduliwa, ganda la nje hutupwa, na ule utando mweupe wa ndani huanikwa, kisha hulowekwa.

Ndipo kugonga kunapoanza. Mwanamke hukaa mbele ya gogo refu lililochongwa bapa, akalaza utando juu yake na kuupiga kwa nyundo ya mbao yenye pande nne iitwayo *ike*. Upande wenye mifereji hutanua nyuzi, upande laini husawazisha. Kipande chenye upana wa kiganja hupanuka mara kadhaa. Kijiji chenye wagongaji watatu wanne utakijua kabla hujakifikia, kwa mlio wake.

Vipande hivyo vyeupe havijawa ngatu bado. Ili viwe ngatu inahitajika *koka'anga*, mkutano wa wanawake. Hukaa pande mbili za meza ndefu yenye mgongo wa duara, ambayo juu yake zimefungwa *kupesi*, yaani violezo vya michoro vilivyotengenezwa kwa majani na vijiti vya nazi. Tabaka la kwanza la vipande hulazwa upande mmoja, la pili hulazwa likikatiza la kwanza, na yote hushikanishwa kwa gundi ya wanga wa muhogo au uwanga. Kisha wanasugua kwa vitambaa vilivyochovywa rangi ya kahawia itokanayo na gome la mti wa koka, na mchoro wa chini unajitokeza juu, kama ukisugua penseli kwenye karatasi iliyofunika sarafu. Sehemu moja ikimalizika wanaivuta kando na kuendelea na nyingine. Siku inapita kwa kazi, nyimbo, chakula na habari za watu wasiokuwepo. Mwishoni mistari hutiliwa mkazo kwa mkono, kwa rangi nzito iliyochanganywa na masizi au kutolewa gome la mikoko, na brashi yake mara nyingi ni tunda kavu la mkadi.

Ngatu moja huwa na ukubwa gani?

Hupimwa kwa *langanga*, yaani sehemu moja ya kusugulia, yenye nusu mita hivi. Nambari za langanga huandikwa ukingoni mwa kitambaa, moja, mbili, tatu, hadi mwisho, kama futi ya fundi. Ngatu ya langanga 50 huitwa *launima*, na hiyo hupita mita ishirini. Ya langanga 100 ni *lautefuhi*. Ikitolewa hadharani, wanawake huibeba kwa mstari mrefu na kuikunjua mbele ya watu, na nambari zile zinasomeka. Hakuna kudanganyana.

Si ndiyo lubugo, kitambaa cha gome cha Waganda?

Ni ndugu, na undugu wenyewe ni wa kweli: mti wa mutuba, unaotoa lubugo, na mforosadi wa Tonga ni wa ukoo mmoja wa mimea. Kote kuwili kitambaa hicho hufunika wafu na hutandikwa wakati wa kutawazwa mfalme. Lubugo ulitangazwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2005.

Lakini njia zinaachana. Mutuba hubanduliwa gome ukiwa hai, ukafungwa majani ya mgomba, nao ukaota gome jipya, hiapo hukatwa. Lubugo hubaki na rangi yake nyekundu ya udongo, mara nyingi bila mchoro; ngatu isiyo na mchoro ni kazi ambayo haijaisha. Na Buganda kazi hiyo ni ya wanaume, wa ukoo wa Ngonge. Mwambie mwanamke wa Tonga kwamba kuna nchi ambako wanaume ndio wagongaji, atacheka mpaka aweke ike chini.

Michoro ina maana?

Baadhi. *Manulua*, ndege wawili, ni wa zamani na huhusishwa na asili ya kiungwana ya pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Nembo ya ufalme huchorwa sana, pamoja na ile barabara ya misonobari iliyo karibu na kasri. Kuna hata ndege za abiria. Ngatu nyeusi tii, iliyopakwa masizi, ni jambo zito na hutumika zaidi kwa machifu na misiba mikubwa.

Kwa nini mtu avae mkeka kiunoni?

Hiyo ndiyo *ta'ovala*, na ni kitu cha kwanza mgeni anachokishangaa akitua Nuku'alofa: karani wa serikali, shati limepigwa pasi, tai imefungwa, na kiunoni amezungushia mkeka.

Hadithi inayosimuliwa ni kwamba mabaharia walirudi kutoka safari ngumu nguo zikiwa zimewaishia. Wakaona aibu kwenda mbele ya chifu walivyo, wakakata tanga la chombo chao, ambalo lilikuwa la mkeka, wakajifunika. Chifu akapendezwa na heshima ile, akaamuru iendelee. Iwe kweli au la, inaeleza vizuri jinsi Watonga wanavyoiona ta'ovala: unajifunga kwa ajili ya mtu aliye mbele yako. Kwenda kanisani, ofisini au kwa chifu bila kuivaa ni kama kijana wetu kuingia msibani kavaa kaptura.

Kamba inayoifunga huitwa *kafa* na husokotwa kwa makumbi ya nazi. Hiyo ni kazi ya wanaume. Wanawake kwa siku za kawaida huvaa *kiekie*, mshipi wenye nyuzi au vipande vinavyoning'inia, mwepesi na wa madaha zaidi. Malkia Sālote Tupou III, aliyetawala kuanzia 1918 hadi 1965, alifanya kazi kubwa kuyapa mavazi haya hadhi mbele ya suti na gauni za wageni. Ndiye pia aliyeanzisha mwaka 1953 chama cha wanawake cha Langafonua kilichosimamia kazi za mikono. Mwaka huohuo alikwenda London kwenye kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, mvua ikanyesha, na yeye akakataa kufunika gari lake la farasi.

Mbona msibani wengine wamevaa mikeka iliyochanika?

Kwa makusudi, tena wanaichagua. Ukifika msiba wa Kitonga, ta'ovala inakusomea ukoo mzima kabla hujauliza. Walio chini ya marehemu kwa daraja, kama vile watoto wa baba aliyefariki na watu wa upande wa wajomba, huitwa *liongi*. Hao huvaa mikeka mikubwa, mikuukuu, iliyochakaa, mingine ikipanda hadi kifuani au kufunika kichwa. Ndio wanaoshinda jikoni kwenye moshi, na hawakaribii maiti. Walio juu ya marehemu huvaa mkeka mzuri na kukaa mbele.

Mtu mmoja anaweza kuwa liongi Jumatatu kwa msiba wa upande huu, na Alhamisi akakaa mbele kwa msiba wa upande ule. Mkeka hauonyeshi utajiri wako. Unaonyesha wewe ni nani kwa huyu aliyelala hapa.

*Fahu*, anayetajwa kila mara kwenye sherehe za Watonga, ni nani?

Ni shangazi. Lugha nyingi za Ulaya zingehitaji sentensi nzima kueleza, maana dada wa baba na dada wa mama wanaitwa jina moja. Sisi tuna neno tayari, nao Watonga wanalo: *mehekitanga*.

Kwa Watonga dada yuko juu ya kaka yake kwa heshima, hata kama ndiye kitinda mimba. Kaka anaweza kushika ardhi na kuongoza nyumba, lakini mbele ya dada huinama. Wakishakua hawalali nyumba moja, na kaka hapaswi kusikia mzaha mchafu mbele ya dada yake. Heshima hiyo hushuka kwa watoto: wana wa dada wako juu ya wana wa kaka. Kwa hiyo kwa mtoto yeyote, mtu wa daraja la juu kuliko wote katika familia ni dada wa baba, hasa yule mkubwa, au mtoto wake akimwakilisha. Huyo ndiye fahu. Zamani mpwa alikuwa na haki ya kwenda kwa mjomba wake na kuchukua akitakacho, na mjomba hakulalamika.

Sasa tazama mikeka inavyosafiri. Mtoto akitimiza mwaka, kijana akifika miaka 21, binti akiolewa, mzee akifa, jamaa wa upande wa mama huleta koloa. Ngatu inakunjuliwa, mikeka inapangwa juu yake, keki na blanketi juu ya mikeka. Anayeketi mahali pa heshima ni fahu, na vile vilivyo bora huwekwa mbele yake. Msibani hukaa karibu na kichwa cha marehemu. Akishapokea, anaweza kuvichukua vyote kwake. Mwenye busara hugawa: huyu kapewa mkeka, yule kapewa langanga kumi, mchungaji kapata chake. Fahu asiyegawa hasemwi mbele yake. Anasemwa kwenye koka'anga.

Mama wa mtoto kwa siku hiyo hana sauti. Lakini kesho yake, kwa watoto wa kaka yake, yeye ndiye fahu. Kila mwanamke ni mtoaji kwenye nyumba moja na mpokeaji kwenye nyingine, na mikeka huzunguka katikati yao. Wenyewe wanaita *tauhi vā*, kutunza ile nafasi iliyopo kati ya watu.

Ni kweli kuna mikeka yenye majina?

Ndiyo. Inaitwa *kie hingoa*, mikeka yenye majina. Ni ya zamani sana, laini, na mingi ilifika kwa njia ya ndoa kati ya koo za kichifu za Tonga na Samoa. Kila mmoja una jina lake kama mtu, na wanaojua watakueleza ulivaliwa arusi ya nani na kutawazwa kwa nani. Familia ya mfalme na machifu huitoa kwa siku chache tu. Ukiiona kwa macho inaweza kuwa imefifia, imetoboka, imeshonwa kiraka. Mkeka mpya unaong'aa kando yake hauna la kusema.

Watonga wa ng'ambo bado wanahangaika na haya?

Zaidi ya waliobaki nyumbani, pengine. Watonga wanaoishi New Zealand, Australia na Marekani, hasa Utah na California, wakijumlishwa wanazidi walioko visiwani. Auckland hakuna mashamba ya hiapo, na mama anayefanya zamu hospitali hana miezi ya kusuka. Lakini misiba ipo, na shangazi yupo.

Suluhisho mojawapo ni *katoanga*. Kikundi cha wanawake wa kijijini hukubaliana na kikundi cha ng'ambo: sisi tutagonga na kusuka, ninyi mtaleta fedha. Siku ikifika wanakutana, kila mwanamke na mwenziwe, mizigo inakunjuliwa, noti zinahesabiwa. Ada za shule nyingi zimelipwa hivyo.

Suluhisho jingine ni *ngatu pepa*. Wanawake wa New Zealand hutumia kitambaa cha kiwandani, kama kile ambacho mafundi cherehani hukitia ndani ya kola ili isimame, badala ya gome, wakakisugua kwa rangi na kupesi zilezile. Wakati mwingine tabaka moja ni gome na jingine ni kitambaa. Wapo wanaokataa kuiita ngatu. Lakini hupokelewa misibani, hukunjuliwa na kuhesabiwa langanga, na fahu hairudishi.

Inaweza kuuzwa au kuwekwa rehani?

Inauzwa, ndiyo, soko la Talamahu mjini Nuku'alofa lina mikeka na ngatu. Na yapo maduka ya rehani yanayopokea koloa na kutoa fedha. Mwanamke huweka launima yake akalipa ada ya shule, akaikomboa kabla ya arusi. Asipoikomboa inauzwa, na hapo ndipo aibu, kwa sababu kitu alichogonga mama yake kitaonekana kwenye sherehe ya watu wengine.

Haya si mzigo kwa watu wa kipato cha chini?

Ni mzigo. Watonga wenyewe wanalalamika: misiba inayofuatana, mikopo ya kununulia koloa, vijana wa ng'ambo wanaopokea simu za kuomba mchango kila mwezi. Kuna familia zimeanza kutangaza kwamba msiba wao hauhitaji koloa. Mtu aliyewahi kuchangia arusi mbili na kumbukumbu moja kwa mshahara wa mwezi mmoja hapa kwetu ataelewa bila kufafanuliwa. Hata hivyo michango yetu ya arusi huishia kwenye ukumbi na wali. Launima ya marehemu bibi bado ipo, imekatwa vipande sita kwenye nyumba sita.

Wanaume hawagusi kabisa?

Hupanda hiapo, huikata, huchonga ike na magogo, husokota kafa. Kwenye meza ya koka'anga hawakai.

Nikizawadiwa ngatu au mkeka, nifanyeje?

Pokea kwa mikono miwili na usiikunje mbele ya aliyekupa kana kwamba unafunga duka. Ngatu inaweza kukatwa kwenye mstari wa langanga bila kuvunja adabu, ndivyo inavyogawanywa. Mkeka haukatwi. Maji ni adui wa ngatu: gundi yake ni wanga, ikilowa tabaka zinaachana, kwa hiyo haifuliwi wala haipigwi pasi ya mvuke. Ianike kivulini palipo na upepo kila baada ya miezi kadhaa, maana wadudu wanaupenda ule wanga. Na ukikosa pa kuiweka, fanya wafanyavyo wenyewe: itandaze chini ya godoro ulalie juu yake.